Stephenson alianzia treni mu udongo

Hapa kwetu mutoto anatengeneza motokari kwa waya na mifuniko ya chupa. George Stephenson, yule wanaitaka baba wa reli, alianza vilevile, kwa udongo.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 kule Wylam, Uingereza. Baba yake alikuwa anachochea moto wa mashini ya kupompa maji mu mugodi wa makaa ya mawe. Franga za masomo hazikupatikana. George alichunga ng'ombe, na kule malishoni yeye na rafiki yake walifinyanga mashini ndogo za udongo, sawa zile aliona kwa baba. Alipofika miaka 18 njo alianza kujifunza kusoma, mangaribi, kisha kazi. Siku ya posho alifungua mashini kipande kwa kipande, akaisafisha, akairudisha. Kwetu sisi, ile njo ilikuwa shule yake kubwa.

Mu 1814, kule Killingworth, alitengeneza treni yenye kukokota tani 30 za makaa. Mu 1825 njia ya Stockton na Darlington ilifunguliwa.

Lakini sisi watu wa sendika, tunaangalia zaidi taa yake. Mu 1812 mugodi wa Felling ulilipuka kwa gazi, watu 92 walikufa, na watoto kati yao. Mu 1815 Stephenson alitengeneza taa isiyowasha gazi, akashuka nayo mwenyewe fasi gazi inatokea. Wakati ule ule Humphry Davy, mwanasayansi mukubwa, alitoa yake. Wenye migodi walimupa Davy pauni 2000, Stephenson gini 100 tu. Wengine walisema ameiba, eti fundi hana masomo hawezi kuvumbua kitu! Watu wa upande wake walikasirika, wakamuchangia pauni 1000. Alikufa mu 1848.

Upana wa reli yake, milimita 1435, ulitoka mu njia za magari ya makaa. Treni ndogo zenye wanaoanza wananunua sana, za kipimo cha 1/87, reli zao zinaachana milimita 16,5: ni ile 1435 imegawanywa. Reli ya Katanga ni 1067. Basi mutoto mwenye anataka treni ya kwetu kwa kipimo kile aache milimita 12 hivi, na mashini aifinyange kwanza kwa udongo, mbele ya kukata bati.