Samuel Johnson na Vineno Vidogo vya Kiingereza

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipelekwa Khwisero, huko Kakamega, mbali na bahari na mbali na jamaa zangu. Nilidhani Kiingereza nakijua. Siku moja kijana wa kidato cha pili aliinua mkono akaniuliza: ikiwa "give" ni kutoa na "up" ni juu, yawaje "give up" ikawa ni kukata tamaa? Nilifungua kinywa, neno lisitoke. Darasa zima likacheka, ila yeye. Alikuwa ameanguka mtihani wa Kiingereza mara mbili, na baba yake amekwisha kumwambia kwamba akianguka tena hatamlipia karo.

Usiku ule nilikesha na kamusi mbele ya taa. Nikaona "put on" ni kuvaa, "put out" ni kuzima, "put off" ni kuahirisha, na "put up with" ni kustahamili. Kitenzi ni kile kile, lakini kineno kidogo cha nyuma chageuza kila kitu. Nikajiuliza ni nani aliyepata subira ya kuyapanga haya. Katika kutafuta kwangu nilifika kwa Samuel Johnson.

Bwana huyu alizaliwa Lichfield, Uingereza, mwaka 1709, mtoto wa muuza vitabu asiye na kitu. Tangu uchanga alishikwa na ugonjwa wa matezi ya shingo, ukamharibu macho na masikio. Mwaka 1728 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford, lakini baada ya mwaka mmoja na kidogo fedha zilikwisha, akatoka bila shahada. Alifungua shule, wanafunzi wakaja wachache mno. Mwaka 1737 akashika njia ya London, akaishi kwa kalamu, mara nyingi kwa njaa.

Mwaka 1746 wauza vitabu wa London walimwagiza atunge kamusi kwa malipo ya pauni 1,575. Aliahidi kuimaliza kwa miaka mitatu. Ikamchukua karibu miaka tisa. Alifanya kazi ghorofani katika nyumba yake ya Gough Square, pamoja na wanakili sita. Mwaka 1752 mkewe alifariki, naye akavunjika moyo. Hata hivyo kazi hakuiacha. Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755, nayo ilikuwa na maneno zaidi ya 42,000.

Lililonigusa mimi ni hili. Katika dibaji yake Johnson alieleza kwamba vitenzi vinavyofuatwa na vineno vidogo huwataabisha wageni kuliko mengine yote, maana hakuna kanuni moja ya kuvifahamu. Kwa hiyo alivikusanya kwa uangalifu mkubwa, akitaja mifano kama "come off", "set out" na "take off". Neno "take" peke yake alilipa maana 134. Basi Mwingereza mwenyewe, tena bingwa wa lugha yake, alikubali kuwa hapa pana taabu. Aibu yangu ikapungua.

Mtu huyu hakuwa mbali nasi kama tudhanivyo. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1735, kilikuwa tafsiri ya safari za padri Mreno Jerónimo Lobo, aliyeshuka Pate mwaka 1624 akitafuta njia ya kwenda Uhabeshi. Mwaka 1759, mama yake alipokufa, alitunga kwa juma moja hadithi ya Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi, ili apate fedha za mazishi. Nyumbani kwake aliishi Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica. Johnson alimsomesha, na katika wasia wake akamwachia sehemu kubwa ya mali yake. Utumwa aliuchukia waziwazi wakati ambapo wakubwa wengi wa nchi yake walikuwa wakitajirika kwao. Alifariki mwaka 1784, akazikwa Westminster Abbey.

Nikarudi darasani. Nilimwambia yule kijana kwamba hata sisi tunakata tamaa bila ya kisu. Tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga moyo konde, na hakuna anayeumia. Mtoto wa Kiswahili hajifunzi "piga" peke yake; hujifunza na kile kinachofuata. Na Kiingereza ni vivyo hivyo: "give up" ni neno moja lenye vipande viwili. Usiling'oe, lichukue zima, ulitie katika sentensi yako mwenyewe, kesho ulirudie.

Tangu siku hiyo alianza daftari, kila jioni maneno matano, kila moja na sentensi yake kuhusu nyumbani kwao, shamba lao na ng'ombe wao. Nami, kwa siri, nilikuwa na langu. Mwisho wa mwaka alipita, si kwa alama nyingi, lakini karo ililipwa.

Leo ni mtu mzima mwenye watoto. Daftari langu ninalo mpaka sasa. Waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakumjua Johnson, lakini naona wangalielewana naye.