DAKTARI WA JICHO MOJA

Mwaka huu sikutaka kuwaletea hadithi za sungura na fisi. Nataka kuwasimulia maisha ya Daktari Denis Burkitt, na sababu yangu naitoa mapema. Mwaka juzi, hapa hapa Kikoneni, binamu yangu wa miaka sita alivimba taya. Wakubwa wakasema ni jino. Likang'olewa, uvimbe ukazidi. Likang'olewa la pili, wapi! Tulipoteza majuma manne kabla hajafikishwa hospitali kubwa. Huko ndiko nilikosikia kwamba ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina la mtu: limfoma ya Burkitt. Nikajiuliza, huyu Burkitt ni nani?

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kule Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa sana ndege. Katika miaka ya 1920 mzee huyo aliwavisha ndege wadogo wenye vifua vyekundu pete za chuma miguuni, ili amtambue kila mmoja na kumfuatilia mwaka hadi mwaka. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Akiwa na miaka 11, Denis alipigwa jiwe na wenzake, jicho moja likapotea. Alihitimu udaktari Dublin mwaka 1935, lakini alipoomba kazi Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Je, alikata tamaa? Ng'o! Aliingia jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akafika hata hapa kwetu Kenya, na mwaka 1946 akaanza kazi Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, mwenzake Daktari Hugh Trowell alimwita amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si muda, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akaona msichana mwenye uso vile vile. Mwingine angepita tu. Yeye alianza kupekua mafaili na kuandika barua kwa hospitali nyingi za Afrika. Kuuliza si ujinga. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri majuma kumi, kilomita kama 16,000, wakitembelea hospitali 57. Wakagundua kuwa ugonjwa unapenda nchi za joto na mvua, kwenye malaria nyingi kama kwetu Kwale. Milimani kwenye baridi hauonekani sana.

Hii ni saratani ya chembe nyeupe za damu. Chembe hizo ni askari wa mwili, na asili yake ni chembe mama zilizo ndani ya uboho wa mifupa. Askari mmoja akiasi, huzaana upesi ajabu. Burkitt alipeleka vipande vya uvimbe London kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ukungu uliichelewesha ndege, maji ya chupani yakafika yamechafuka. Ilidhaniwa yameoza. Epstein alipotazama tone moja kwa hadubini, kumbe ni chembe zilizo hai zinaelea! Alizikuza, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani yake virusi ambavyo havijawahi kujulikana. Leo tunajua kuwa virusi hivyo vikishirikiana na malaria ya mara kwa mara ndipo hatari hii huzidi.

Burkitt naye aliwatibu watoto kwa dawa, na baadhi yao walipona kabisa. Baadaye alirudi Uingereza, akawahimiza watu wale vyakula visivyokobolewa. Alifariki mwaka 1993.

Siku hizi watafiti hutia alama chembe mama moja moja za damu na kuzifuatilia zikiwa hai. Mimi nikisoma hayo namkumbuka yule mzee na pete zake. Kazi ni ile ile: mjue mmoja, usimwache macho.

Binamu yangu alinyonyoka nywele zote kwa dawa. Sasa zimeota, na yuko darasa la pili, mtundu kupindukia. Lakini yale majuma manne bado yananiuma. Basi ndugu zangu, mkiona mtoto amevimba taya na uvimbe haupungui, msiseme ni jino tu. Mkimbizeni hospitali kubwa. Daktari mwenye jicho moja aliona. Sisi wenye mawili tutashindwaje?