Rick Rescorla: Askari wa Helikopta Aliyepanda Ngazi Tena

Marehemu Rick Rescorla hakuzaliwa Mmarekani, ingawa Wamarekani ndio wamkumbukao zaidi. Alizaliwa tarehe 27 Mei, 1939, katika mji mdogo wa Hayle, Cornwall, nchini Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa Kimarekani walipiga kambi mjini humo wakingojea kuvuka kwenda Normandy, na mtoto yule akawahusudu tangu siku hizo.

Mwaka 1957 aliingia jeshi la Uingereza, upande wa askari wa miavuli, akapelekwa Cyprus. Kuanzia 1960 alikuwa mkaguzi wa polisi katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi iliyokuja kuwa Zambia huru mwaka 1964. Haifai kulificha jambo hili: huko alikuwa mtumishi wa dola iliyokwisha kufungasha virago. Aliondoka kabla bendera haijateremshwa, na mwaka 1963 akaandikishwa katika jeshi la Marekani.

Huko Luteni Rescorla alipangwa katika Rejimenti ya Saba ya Wapanda Farasi, ile ile ya Jenerali Custer aliyeshindwa na kuuawa na Wahindi Wekundu mwaka 1876. Farasi hawakuwapo tena; jina tu ndilo lililosalia. Divisheni yake, iliyofika Vietnam mwaka 1965, ilikuwa na helikopta zaidi ya 400. Wakuu walikusudia askari aruke juu ya misitu na milima, ateremshwe karibu na adui, na majeruhi waondolewe kwa vyombo vivyo hivyo. Lakini helikopta humfikisha askari tu, haimpiganii. Akishashuka katika majani marefu, yeye ni mwenda kwa miguu kama babu zake.

Bonde la Ia Drang lilidhihirisha hayo Novemba 1965. Tarehe 14 batalioni ya Luteni Kanali Hal Moore ilishuka mahali palipopewa jina la X-Ray, ikakabiliwa na jeshi la Vietnam ya Kaskazini lililoizidi sana kwa idadi. Kombania ya Rescorla ililetwa jioni ile kuongeza nguvu. Usiku wa kuamkia tarehe 16 iliwekwa katika sehemu ambayo kombania nyingine ilikuwa imepoteza watu wapatao 40 asubuhi iliyotangulia. Rescorla alihimiza mahandaki yachimbwe upya, majani yaliyoziba macho yakatwe na mitego ya miali itegwe. Kisha akawaimbia vijana wake nyimbo za kwao Cornwall. Mashambulizi yalianza saa kumi za usiku na kurudiwa mara kadhaa, lakini safu yake haikuvunjika.

Hata hivyo ushindi ule haukudumu. Tarehe 17 kombania nyingine za batalioni yake zilivamiwa zikitembea kuelekea mahali paitwapo Albany, wakafa Wamarekani zaidi ya 150. Rescorla na wenzake, waliokwisha kuondolewa wakapumzike, wakapakiwa tena katika helikopta jioni ile na kuteremshwa kati ya maiti na majeruhi. Picha yake akiwa na bunduki yenye singe ndiyo iliyopamba jalada la kitabu mashuhuri juu ya vita hivyo, kilichotolewa mwaka 1992.

Baada ya vita alipata uraia wa Marekani, akasomea sheria, akafundisha chuoni, mwishowe akawa mkuu wa usalama wa kampuni ya fedha ya Dean Witter, iliyoungana na Morgan Stanley mwaka 1997. Ofisi zake zilikuwa katika mnara wa kusini wa World Trade Center, New York. Mapema alionya kwamba gari lenye bomu lingeweza kuingizwa katika maegesho ya chini. Mwaka 1993 jambo hilo likatokea, wakafa watu sita. Tangu hapo aliwalazimisha wafanyakazi wote kufanya mazoezi ya kushuka ngazi wawili wawili. Wakubwa wa fedha walinung'unika kwamba wanapotezewa muda wa biashara. Hakuwajali.

Tarehe 11 Septemba, 2001, saa 2.46 asubuhi, mnara wa kaskazini uligongwa na ndege. Waliokuwa mnara wa kusini waliambiwa watulie ofisini mwao. Rescorla alikataa, akashika kipaza sauti, akawatoa watu wake, akiimba kama alivyoimba Ia Drang. Saa 3.03 ndege ya pili ilipogonga mnara wao, wengi walikwisha kushuka. Kati ya wafanyakazi wapatao 2,700 wa kampuni hiyo, waliokufa ni 13. Mara ya mwisho Rescorla alionekana ghorofa ya kumi, akipanda kuwatafuta waliobaki. Mnara ulianguka saa 3.59, na mwili wake haukupatikana.