John Houlding: Aliyefukuzwa Everton akaiunda Liverpool

MELI zilizotia nanga Kilindini enzi za ukoloni hazikuleta mizigo peke yake. Kampuni ya Harrison, yenye makao yake katika mji wa Liverpool nchini Uingereza, ilikuwa miongoni mwa zilizohudumia mwambao huu, na jina la mji huo likazoeleka masikioni mwa makuli, makarani na mabaharia wa Mombasa. Katika miaka ya 1950 na 1960 kisiwa hiki kilikuwa na klabu yake ya kandanda iliyoitwa Liverpool, na hata leo jezi nyekundu ni nyingi katika vichochoro vya Mji wa Kale kila siku ya mechi.

Wavaaji wa jezi hizo hulijua vyema jina la Bill Shankly, la Kenny Dalglish na la Mohamed Salah. La John Houlding wengi hawalijui, ilhali ndiye aliyeianzisha klabu hiyo. Hakuianzisha kwa mapenzi ya mchezo peke yake. Aliianzisha kwa kuwa siku moja alijikuta na kiwanja kisicho na timu.

Houlding alizaliwa mjini Liverpool mnamo Agosti 1833. Baba yake alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika mji huo wenyewe, kazi iliyokuwa ya kawaida wakati huo, lakini isiyo na utajiri. Kijana huyo aliacha masomo mapema akaanza kutafuta riziki kwa kazi ndogondogo, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha bia. Huko alijifunza biashara hiyo tangu chini hadi akawa na kiwanda chake mwenyewe, pamoja na mabaa ya kuiuzia bia yake. Utajiri ukaja, na siasa ikafuata. Mwaka wa 1884 alichaguliwa diwani kwa tiketi ya chama cha Conservative, na ushawishi wake katika mtaa wa Everton ukawa mkubwa hata watu wakampa jina la utani la Mfalme John wa Everton.

Katika mtaa huohuo palikuwa na timu iliyoundwa mwaka wa 1878 na vijana wa kanisa la Kimethodisti la St Domingo. Mwaka uliofuata ilibadili jina ikaitwa Everton. Ilianza kucheza katika bustani ya Stanley, mahali pasipo na ua wala kiingilio. Houlding aliipenda timu hiyo, na alikuwa na uwezo. Mwaka wa 1884 ndiye aliyeiwezesha kupata kiwanja katika barabara ya Anfield, ambacho kilikuwa mali ya mwenye kiwanda kingine cha bia aliyeitwa John Orrell. Mwaka uliofuata Houlding alikinunua, akawa mwenye kiwanja na papo hapo rais wa klabu.

Hapo ndipo mbegu ya ugomvi ilipopandwa. Wachezaji walibadilishia nguo katika hoteli ya Sandon, iliyokuwa mali yake. Haki ya kuuza vinywaji uwanjani ilikuwa yake. Kadiri timu ilivyovuma na watazamaji walivyoongezeka, ndivyo kodi ilivyopanda, kutoka pauni 100 kwa mwaka hadi pauni 250 kufikia msimu wa 1889-90. Everton ilikuwa miongoni mwa klabu 12 zilizoanzisha Ligi ya Uingereza mwaka wa 1888, na mwaka wa 1891 ikawa bingwa. Mashabiki wa leo wasisahau kwamba ubingwa wa kwanza wa ligi kupatikana na timu ya Anfield ulikuwa wa Everton.

Si haki, hata hivyo, kumchora Houlding kama mnyonyaji mtupu. Alitoa fedha zake wakati klabu haikuwa na kitu, na mfanyabiashara yeyote angetarajia faida. Lakini wengi wa wanachama walikuwa watu wa kanisa waliopinga ulevi, na iliwachoma kuona klabu yao ikiwa mlango wa kuuzia bia. Kiongozi wao alikuwa George Mahon, mpiga kinanda wa kanisa la St Domingo. Houlding alipopendekeza klabu igeuzwe kampuni na kukinunua kiwanja chake pamoja na ardhi ya jirani, waliona kwamba mtu mmoja anakaa pande zote mbili za meza: ndiye muuzaji, na ndiye rais wa mnunuzi.

Mwezi Januari 1892 wanachama walikutana, na Mahon akawafahamisha kwamba kulikuwa na kiwanja kingine upande wa pili wa bustani ya Stanley. Wengi wakamwunga mkono. Houlding akaondolewa uongozini, na Everton ikahama na karibu wachezaji wake wote, ikajenga uwanja wa Goodison Park. Yeye akabaki na Anfield, majukwaa matupu na marafiki wachache.

Mtu mwingine angeliuza eneo hilo kwa wajenzi wa nyumba. Houlding alijaribu kwanza kulishikilia jina la Everton, hata akasajili kampuni kwa jina hilo, lakini wasimamizi wa kandanda waliamua kwamba jina lilikuwa la waliohama. Ndipo, mnamo Machi 15, 1892, yeye na wenzake walipokutana nyumbani kwake katika barabara ya Anfield wakaamua kuunda klabu mpya. Waliipa jina la mji mzima badala ya jina la mtaa. Kwa mtu aliyetoka kushindwa, huo ulikuwa ujasiri wa aina yake.

Msaidizi wake mkuu alikuwa John McKenna, mzaliwa wa Ireland, ambaye alikwenda kusaka wachezaji Scotland. Waliokuja walikuwa na majina mengi yanayoanza na Mac, na timu ikajulikana kwa majina hayo. Ilicheza kwanza kwa jezi za buluu na nyeupe. Nyekundu ilikuja mwaka wa 1896. Katika msimu wake wa kwanza ilitwaa ubingwa wa Lancashire. Msimu uliofuata ilikubaliwa katika Daraja la Pili, ikacheza mechi 28 bila kushindwa hata moja, kisha katika mechi ya kuamua nani apande na nani ashuke ikaichapa Newton Heath 2-0. Newton Heath ndiyo inayoitwa leo Manchester United. Uhasama wa klabu hizo mbili, basi, una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Msomaji wa Mombasa ana sababu ya kuitafakari habari hii ya kiwanja. Feisal, klabu ya kisiwa hiki, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 1965. Liverpool ya Mombasa ilikuwa na jina kubwa na mashabiki wengi. Zote mbili zimebaki katika kumbukumbu za wazee. Bandari, timu ya mwajiri mkubwa wa Kilindini, ingali hai, na ina kiwanja cha Mbaraki, mali ya mamlaka ya bandari. Sababu za klabu kufa ni nyingi, na fedha ni mojawapo, lakini Mahon na Houlding, ambao hawakukubaliana kuhusu jambo jingine lolote, wote wawili waliamini kwamba timu isiyo na pahala pake haidumu. Mmoja aliondoka baada ya kuhakikisha pahala papya pamepatikana, na mwenzake hakukiachia alichokuwa nacho.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wa Mji wa Kale huenda wasilipende. Klabu wanayoishangilia ilizaliwa kutokana na fedha za bia, na kuanzia mwaka wa 1992 hadi 2010 jezi yake ilibeba kifuani jina la bia ya Denmark. Mwasisi wake asingeona ajabu yoyote.

Miaka ya mwisho ya Houlding ilikuwa ya heshima. Mwaka wa 1897 alifanywa meya wa mji wa Liverpool. Wakati huo reli ya kwenda Uganda, iliyoanza kujengwa Kilindini mwaka wa 1896, ilikuwa ikilikata jangwa la Taru. Mnamo Aprili 1901 klabu yake ilitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza, ikiwa na umri wa miaka tisa tu. Reli ilifika Ziwa Viktoria mwezi Desemba mwaka huohuo.

Houlding aliuona ubingwa huo, lakini hakuufaidi kwa muda mrefu. Afya yake ilikuwa imedhoofika, akapelekwa kusini mwa Ufaransa penye joto. Alifariki karibu na Nice mnamo Machi 17, 1902, miaka kumi na siku mbili tangu mkutano ule wa nyumbani kwake.

Mwili wake ulirejeshwa Liverpool kuzikwa. Bendera zilishushwa nusu mlingoti Anfield, na vilevile Goodison Park, kwa wale waliomfukuza. Jeneza lake lilibebwa na wachezaji wa Liverpool pamoja na wachezaji wa Everton.