Imamu Razi na Dunia Elfu Elfu

Kila tusomapo Fatiha twapita kwenye neno alamina, nalo ni la wingi. Wengi wetu tulilihifadhi chuoni kwa bakora, tukaenda zetu. Imamu Fakhruddin Razi alisimama hapo.

Alizaliwa Rayy, Uajemi, karibu na Tehran ya leo, mnamo 1149 hivi. Babake alikuwa khatibu wa mji huo, tena ndiye mwalimu wake wa kwanza. Alipopea kielimu akazunguka: Khwarazm, Bukhara, Samarkand, Herat. Ulimi wake ulikuwa mkali mno. Khwarazm alibishana na Muutazila hata ikambidi ahame. Na Firuzkuh, mnamo 1199, mjadala wake na kiongozi wa Karramiya ulizua fitina kubwa, sultani akamrudisha Herat. Sisi Waswahili twaita mambo hayo malimwengu, naye aliyaonja.

Turudi kwenye neno letu. Baadhi ya wanafalsafa wa Kiyunani, na Ibn Sina akiwafuata, walishikilia kwamba ulimwengu ni huu mmoja na mwingine hauwezekani, kwani udongo wote una kitovu kimoja cha kurejea. Katika tafsiri yake kubwa, Mafatihul-Ghaib, Razi aliziona hoja zao dhaifu. Yeye alishika njia hii: nje ya ulimwengu huu pana uwazi usio na mwisho, Mwenyezi Mungu ni Muweza wa kila liwezekanalo, basi aweza kuumba huko dunia elfu elfu, kila moja kubwa kuliko hii, yenye Arshi, mbingu, ardhi, jua na mwezi wake. Tazama vizuri, msomaji: alisema zawezekana, hakusema zipo.

Wataalamu wa nyota wa leo nao wanajadili kuwako kwa ulimwengu mwingi, pengine kila mmoja na kanuni zake, na hakuna aliyeuona hata mmoja. Mimi siwapendi wale wanaokimbilia kudai kwamba Razi aliwatangulia. Hao wa leo wanafuata hesabu za maumbile. Razi hakuwa na darubini, alikuwa akiitetea kudura isiwekewe mpaka na akili ya binadamu.

Alifariki Herat siku ya Idi Mosi, mwaka 606 Hijria, yaani 1210. Wako waliosema alilishwa sumu. Katika maradhi yake alimsomea mwanafunzi wake wasia: kwamba amezijaribu njia za ilimu ya kalamu na za falsafa, asipate humo faida ilingane na aliyoipata katika Kurani. Akawaomba watakaovisoma vitabu vyake wamkumbuke kwa dua.