David Livingstone: Adui wa utumwa aliyelishwa na wafanyabiashara ya watumwa ufukweni mwa Ziwa Mweru

Tarehe 8 Novemba 1867, mzungu mmoja aliyekonda, asiye na dawa wala bidhaa za kutosha kununulia chakula, alifika ukingoni mwa Ziwa Mweru, kaskazini mwa nchi ambayo leo inaitwa Zambia. Hakufika kwa nguvu zake mwenyewe. Njia alionyeshwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, ambao misafara yao ilirudi pwani na pembe za ndovu pamoja na watumwa waliovishwa makongwa shingoni. Mgeni huyo alikuwa Dk. David Livingstone, mmisionari wa Kiskoti ambaye Ulaya nzima ilimjua kuwa adui mkubwa wa biashara hiyo hiyo.

Kutoka hapo alishuka kusini kwa upande wa mashariki wa ziwa, akauvuka mto Kalungwishi na kupita katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Nchelenge. Msafiri wa leo hukuta huko masoko ya samaki ya Kashikishi, hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo na vyombo vinavyokwenda visiwa vya Kilwa na Isokwe. Kilwa ni jina ambalo msomaji wa pwani hulisikia kama la nyumbani, na ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, Kiswahili ndiyo lugha ya soko. Livingstone naye alikipitia Kiswahili kila siku, kwa sababu ndiyo lugha iliyozungumzwa na wale waliomtunza.

Mtoto wa kiwanda cha pamba

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini yenye dini sana. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi, akifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku kabla ya kwenda darasani. Pamba iliyosokotwa katika viwanda vya Uingereza wakati huo ilitoka kwa sehemu kubwa kwenye mashamba ya watumwa ya Marekani. Kwa hiyo hata ujira wa utotoni mwake haukuwa mbali na jambo ambalo baadaye angelipinga maisha yake yote. Alisomea udaktari mjini Glasgow, akajiunga na Jumuiya ya Wamisionari ya London, na mwaka 1841 akawasili kusini mwa Afrika. Miaka minne baadaye alimwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat, mtafsiri wa Biblia ya Kitswana.

Kama mhubiri hakufanikiwa. Mtu mashuhuri aliyembatiza alikuwa Sechele, mtawala wa Wakwena katika Botswana ya leo, mwaka 1848. Sechele alikuwa na wake watano, na ili apokee ubatizo ilimlazimu kuwarudisha wanne kwa wazazi wao. Kwa mmisionari hilo lilikuwa sharti la imani. Kwa Wakwena lilikuwa ni kuvunja undugu na mapatano baina ya koo, na wanawake wale walitupwa bila kosa lolote. Haukupita mwaka mmoja, mmoja wa wake walioachwa akapata ujauzito wa Sechele, na Livingstone akamwondoa mtawala huyo kwenye ushirika wa Meza ya Bwana. Sechele hakuuacha Ukristo. Aliendelea kuwafundisha watu wake Biblia kwa namna yake, bila mmisionari, na kwa ufanisi ambao mwalimu wake hakuwahi kuupata.

Huenda ndiyo sababu Livingstone alikichoka kituo cha misheni na kuzigeukia njia. Aliamini kwamba mito na biashara halali vikifunguliwa, utumwa utakosa soko na Injili itapata mlango. Kati ya mwaka 1854 na 1856 alilivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, akarudi Uingereza shujaa, na mwaka 1857 akajiuzulu katika jumuiya iliyomtuma. Msafara wake wa mto Zambezi, ulioanza 1858, ulimletea hasara na misiba. Mkewe alifia Shupanga mwaka 1862. Katika miaka hiyo, hata hivyo, kundi moja la watumwa lilikombolewa kwa mikono ya wenzake, na miongoni mwao alikuwamo kijana wa Kiyao aliyeitwa Chuma.

Barua ya Sultani

Mwaka 1866 alipita Zanzibar akienda kutafuta chanzo cha mto Nile. Sultani Majid alimpa makazi na barua ya kumtambulisha kwa raia wake waliokuwa bara. Barua hiyo ilimwokoa mara nyingi kuliko bunduki yoyote. Hazina ya Sultani huyo, lakini, ilipata ushuru kwa kila mtumwa aliyeshushwa forodhani.

Mambo yaliharibika mapema. Watu wake wa Nzwani walimtoroka na kurudi Zanzibar wakidai kwamba ameuawa. Januari 1867 mpagazi mmoja alitoweka na sanduku la dawa, jambo ambalo kwa mtu mwenye homa za mara kwa mara lilikuwa sawa na hukumu. Kati ya Tanganyika na Mweru alisimama zaidi ya miezi mitatu akingoja vita viishe baina ya mtawala Nsama na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip. Tippu Tip alimpa chakula, nguo na watu wa kumfikisha Mweru. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, mfanyabiashara huyo anakitaja kisa hicho kwa maneno machache tu, kama mtu anavyotaja mgeni yeyote aliyepita nyumbani kwake.

Tarehe 21 Novemba 1867 Livingstone aliingia katika mji wa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda wa Luapula, ambaye warithi wake bado wanaishi Mwansabombwe. Alipokewa kwa heshima na kuruhusiwa kwenda popote. Aliona pia mafuvu ya watu kwenye lango, na watu waliokatwa masikio au mikono kwa adhabu. Alimkuta huko Mohamed bin Saleh, mzee wa Kiislamu aliyekuwa amezuiliwa kwa miaka mingi. Livingstone aliitumia barua ya Sultani kumwombea, na wakaondoka pamoja mwezi uliofuata. Baadaye alilalamika kwamba mzee huyo aliwashawishi wapagazi wake wamwache.

Aprili 1868, aliposema anarudi kusini tena kupitia Mweru ili akaone ziwa Bangweulu, wengi wa watu wake walikataa. Miongoni mwao walikuwamo Chuma na mwenzake Abdullah Susi. Livingstone hakuwalaumu sana. Alikiri katika shajara yake kwamba walichoka, na kwamba hata yeye amechoka. Alikwenda na wachache, akafika Bangweulu mwezi Julai, na aliporudi akawapokea tena wale walioasi.

Aliyemfikisha salama Ujiji, Machi 1869, alikuwa mfanyabiashara mwingine, Mohamed bin Gharib, anayeitwa Bogharib katika shajara. Livingstone alikuwa anaumwa mapafu, hawezi kutembea. Bogharib alimlaza kwenye machela, akamlisha na kumtibu njia nzima. Machela ilikuwa katika msafara wa biashara, na biashara ile ilihusu pia wanadamu.

Msomaji asitarajie kwamba Livingstone alilitatua fumbo hilo. Aliwasifu wenyeji wake kwa ukarimu na uchaji wao, na katika kurasa zilizo jirani akaeleza maiti alizoziona zimefungwa kwenye miti kwa sababu hazikuweza kuendelea na safari. Hakukataa chakula chao, wala hakunyamazia kazi yao. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ustahimilivu huo una heshima yake, lakini una walakini pia: kila siku aliyosafiri nao ilikuwa siku ambayo hakuwazuia.

Siku ya kuachana ilifika tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba. Watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi wanunuzi na wachuuzi, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi na kwa maji. Livingstone aligeuka akarudi Ujiji, ambako Henry Morton Stanley alimkuta mwaka huo huo. Mwaka 2011 watafiti walifanikiwa kwa kutumia picha maalumu kuisoma shajara aliyoiandika Nyangwe kwenye karatasi za magazeti makuukuu. Ilibainika kwamba inatofautiana na kitabu kilichochapishwa 1874, hasa kuhusu mwenendo wa watu wake mwenyewe. Watu hao alipelekewa kutoka Zanzibar, na walikuwa watumwa wa matajiri wa Kihindi, waliokodishwa kwake.

Habari za mauaji hayo ziliitikisa Uingereza na kuongeza shinikizo kwa Zanzibar. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa tarehe 5 Juni 1873. Livingstone hakuisikia habari hiyo. Alikuwa amefariki mapema mwezi Mei katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Bangweulu.

Wafuasi wake, Wakristo na Waislamu, waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Walioongoza safari hiyo walikuwa Chuma na Susi, wale wale waliokataa kumfuata Aprili 1868. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882. Susi aliendelea kuongoza misafara, akabatizwa mwaka 1886, na jina alilolichukua siku hiyo ni David.