Dakta John Kirk na Sumu ya Mishale

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, pande za Dodoma na Singida, huota kichaka kimoja kinachostahimili ukame. Petali za maua yake zina ncha ndefu zilizojisokota kama kamba. Matunda yake hukaa mawili mawili, nayo ni marefu na magumu. Yakikauka hupasuka, na mbegu zenye manyoya laini huchukuliwa na upepo. Wahadzabe, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, huzitumia mbegu hizo kutengenezea sumu ya mishale. Wataalamu wa mimea huliita kundi la mimea hiyo Strophanthus. Mmea mwingine wa kundi hilo, uitwao kombe, ndio uliowapatia madaktari dawa ya moyo. Habari zake haziwezi kuelezwa bila kumtaja Dakta John Kirk.

Kirk alizaliwa Uskochi mwaka 1832. Alisomea udaktari mjini Edinburgh, na wakati wa Vita vya Krimea alifanya kazi katika hospitali moja huko Uturuki. Tangu ujana wake alipenda sana mimea. Kwa sababu hiyo, mwaka 1858 alichukuliwa katika msafara wa Dakta Livingstone wa mto Zambezi, awe mganga na mtaalamu wa mimea.

Katika bonde la mto Shire, katika nchi ambayo sasa ni Malawi, Kirk aliwakuta wawindaji wakipaka mishale yao sumu ya kombe. Mnyama aliyechomwa mshale huo hakwenda mbali. Wawindaji hawakuwa wepesi wa kumwonyesha mgeni mmea wenyewe, wala si ajabu, maana ulikuwa silaha yao na riziki yao. Hata hivyo Kirk aliendelea kutafuta mpaka akaupata.

Siku moja alipokuwa akipiga mswaki alisikia uchungu mdomoni. Alidhani ni kwinini, dawa ya malaria itokanayo na magome ya mti, kwa kuwa mara nyingine aliikoroga kwa mpini wa mswaki huo. Lakini mswaki ulikuwa umekaa mfukoni pamoja na sumu kidogo ya kombe. Siku hiyo Kirk alikuwa na mafua, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio. Alipopima mapigo aliona yamepungua. Mtu mwingine angesukutua tu, akasahau.

Wewe pia waweza kuyahesabu mapigo ya moyo wako. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kisha hesabu kwa dakika moja. Lakini usionje kamwe mmea wa porini usioujua. Kirk alinusurika kwa sababu sumu ile ilikuwa chache mno.

Vielelezo vya kombe vilipelekwa Uingereza. Mjini Edinburgh, Profesa Thomas Fraser alitoa katika mbegu zake kitu kichungu kilichoitwa strofanthini. Akakijaribu kwa vyura. Kingi kiliukaza moyo wa chura hata ukasimama. Kidogo, kilichopimwa kwa uangalifu, kiliufanya moyo kupiga kwa nguvu zaidi. Sasa fikiri juu ya mgonjwa ambaye moyo wake umelegea, hausukumi damu ya kutosha, na miguu yake imevimba maji. Mwaka 1885 Fraser aliwaeleza madaktari wenzake jinsi strofanthini inavyoweza kumsaidia mtu kama huyo.

Ilibaki shida moja. Dawa hiyo ikimezwa, ni sehemu ndogo tu inayoingia katika damu. Wawindaji walikwisha kuishi na jambo hilo kwa miaka mingi: walikata nyama iliyozunguka jeraha la mshale, wakaila iliyobaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Kijerumani, Albert Fraenkel, alianza kuwapa wagonjwa strofanthini kwa sindano ya mshipani. Siku hizi madaktari hutumia zaidi digoksini, ambayo humezwa kama kidonge. Hiyo nayo hutoka katika mmea, uotao Ulaya.

Kirk mwenyewe hakuendelea na kazi ya dawa hiyo. Mwaka 1866 alifika Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Uingereza, na baadaye akawa balozi. Alikuwapo mwaka 1873, Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Huko Mbweni alikuwa na bustani, ambamo alipanda na kuchunguza mimea ya nchi nyingi. Hata kima punju, yule mwekundu wa msitu wa Jozani, ana jina la Kirk katika vitabu vya sayansi. Aliondoka Unguja mwaka 1886, akafariki Uingereza mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 89.